Majani ya Agosti huziba mfereji Novemba



Ndugu msomaji, katika toleo lililopita tulizungumzia usafi wa vyombo vya maji ya udhu. Leo tutoke nje ya uzio, tuangalie barabara ya mtaa na mfereji wake, na hasa kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa ni uchafu. Nacho ni majani makavu.

Katika nchi za baridi kama Uingereza, majani hupukutika kwa wingi mwezi wa Oktoba na Novemba, na miji yao huyapangia magari na wafanyakazi. Sisi hatuna majira hayo, lakini jambo hilo lisitudanganye. Mkoa wetu wa Songwe una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza takriban Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na miti mingi ya porini hupukutisha majani yake kati ya Julai na Septemba. Huku mjini Tunduma na kule Vwawa tuna miparachichi, miembe, mikaratusi na jakaranda, nayo haikosi cha kudondosha. Ongeza upepo wa Julai na Agosti unaokuja na vumbi. Kina mama na watoto wetu hufagia kila asubuhi, na Allah (SW) awalipe. Swali letu la leo ni hili: majani yaliyofagiwa yanakwenda wapi?

Ukipita mtaani saa moja asubuhi utapata jibu. Mengine yanachomwa pale pale. Machache yanafika kwenye ghuba la taka. Mengi husukumwa kwa fagio hadi kwenye mfereji wa mbele ya nyumba, na uwanja unabaki unang'aa.

Naomba nikiri kwanza la kwangu, maana haifai kuwanyooshea wenzangu kidole. Nilipokuwa mwanafunzi wa madrasa, zamu ya kufagia ya Alhamisi jioni ilikuwa kubwa kuliko zote kwa sababu ya Ijumaa. Ustadhi wetu alikuwa mkali juu ya uwanja. Tulifagia majani ya miembe miwili mikubwa, tukayamimina yote kwenye mtaro wa nyuma, naye akatusifu. Miezi mitatu tulifanya hivyo. Mvua ya kwanza ya Novemba ilipopiga, maji hayakupata njia. Yalirudi, yakapita kwenye shimo la choo cha nyumba ya jirani upande wa chini, kisha yakaingia kisimani kwake. Wiki ile watoto wawili wa nyumba ile hawakuja chuoni. Walikuwa wanaharisha. Mimi sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka nilipokwenda kusomea utabibu, miaka kadhaa baadaye.

Kuondoa na kuhamisha

Sote tumefundishwa kuwa imani ina matawi mengi, na kwamba tawi lake la chini kabisa ni kuondoa njiani kitu kinachowaudhi wapitao. Sisi watoto tulidhani 'la chini' maana yake ni dogo. Mimi leo nalielewa kuwa ni lile ambalo kila mtu anaweza kulifikia, hata mtoto mwenye fagio. Lakini lazima udhia uwe umeondoka kweli. Ukiutoa mlangoni kwako ukaupeleka mlangoni kwa jirani wa chini, hujauondoa. Umeuhamisha, tena umeuongezea maji.

Tuone namna mfereji unavyoziba. Majani makavu peke yake ni mepesi, na maji mengi yangeweza kuyasukuma. Shida huanza yanapokutana na chupa ya plastiki, pampasi iliyotupwa usiku, au kipande cha sulfeti kilichonasa kwenye karavati. (Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki nyingine bado tunazo tele.) Hapo majani hupangana kama mkeka. Vumbi la kiangazi linatua juu ya mkeka, majani mengine yanafuata, vumbi tena. Kufikia Oktoba mfereji wenye kina cha sentimita 40 unaweza kuwa umebaki na 20. Ukiutazama kutoka barabarani unaona mfereji upo, lakini ni nusu ya mfereji.

Kisha mvua kubwa inakuja. Maji yakikosa mfereji hupita barabarani, yanachimba kingo, yanakula kifusi, na mashimo yanazaliwa. Ndiyo maana nasema mfereji na barabara ni mgonjwa mmoja. Barabara ya vumbi iliyochongwa vizuri mwezi wa Septemba huharibika ndani ya wiki chache kama maji hayana pa kwenda.

Sasa magonjwa. Nitaanza na mbu, kwa sababu hapa watu wengi huchanganya. Mbu wa malaria, yaani anofelesi, kwa kawaida hapendi maji machafu ya mfereji. Anapenda vidimbwi vya maji yaliyotulia yenye jua, kama vile shimo la barabarani au alama ya tairi la lori kwenye udongo. Kwa hiyo shimo lililochimbwa na maji yaliyokosa njia ndilo linalomlea. Ndani ya mfereji ulioziba na kunuka anazaliana mbu mwingine, kuleksi, ambaye ndiye msumbufu wa usiku na katika maeneo yenye ugonjwa huo hueneza matende na mabusha. Na yule wa dingi, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye makopo na matairi chakavu yenye maji. Mji wa malori kama Tunduma haujawahi kukosa matairi chakavu. Utaona basi kuwa barabara moja iliyotelekezwa inaweza kuwalea mbu wote watatu, kila mmoja na chumba chake.

Lakini linaloniogopesha zaidi ni kuhara. Msimu mmoja uliopita, siku chache baada ya mvua za mwanzo, mama mmoja alileta mtoto wa mwaka na nusu. Macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta tumboni inarudi polepole, analia bila machozi. Mama akaniambia, "Daktari, kwangu ni kusafi, njoo uone mwenyewe." Namshukuru Allah mtoto alipona kwa dripu, maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Nami siku ya mapumziko nilikwenda kuona. Kweli, kwake kulikuwa kusafi kuliko kwangu. Ila nyumba yake ipo chini ya mteremko, na kila kilichofagiwa kwenye nyumba za juu kilikuwa kimejikusanya kwenye karavati mbele ya mlango wake. Maji yaliyotanda uani yalikuwa yamepita kwenye vyoo vya watu wengine kabla ya kufika kwake. Mama yule alikuwa anaumwa uchafu usio wake.

Kuhusu kipindupindu, tusisubiri kukumbushwa. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Tanzania Bara, na hadi mwanzoni mwa 2018 wagonjwa walikuwa wamepita 33,000 na waliofariki zaidi ya 500. Ng'ambo ya mpaka wetu, Zambia ilikumbwa na mlipuko mkubwa kuanzia Oktoba 2023. Watu zaidi ya 20,000 waliugua, zaidi ya 700 wakafariki, na uwanja wa michezo wa Mashujaa pale Lusaka ukageuzwa kuwa kituo cha matibabu. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni mitaa yenye msongamano, vyoo vya shimo, visima vifupi na mafuriko ya mvua. Barabara ya kutoka Lusaka huishia Nakonde, na ukivuka Nakonde upo Tunduma. Dereva akiondoka kule na vimelea tumboni, kinachobaki kujua ni kama atakuta mtaa wenye mfereji unaopitisha maji au mtaa wenye bwawa.

Hapa kuna suala la fiqhi ambalo huulizwa sana msimu wa mvua. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamesamehe tope la barabarani linalorukia nguo, kwa kiasi ambacho ni vigumu kujikinga nacho, hata kama kuna najisi ndani yake, ili watu wasipate uzito katika swala. Hiyo ni rehema. Lakini ndugu msomaji, msamaha huo ni wa swala yako. Kimelea cha kipindupindu hakijausikia. Mtoto akicheza kwenye tope lile kisha akashika andazi, hakuna rukhsa itakayomkinga isipokuwa sabuni na maji safi.

Wapo watakaosema, basi tuyachome. Moshi wa majani unabeba chembechembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na wenye pumu, wazee na watoto wachanga ndio hulipa. Yakiwa yamechanganyika na plastiki, moshi huo ni sumu zaidi. Asubuhi za Julai za Tunduma zina baridi, na moshi hukaa chini chini mitaani badala ya kupanda. Sipendi kuficha: zahanati nyingi huku zinaijua vizuri kelele ya vifua vya Julai.

Yapelekwe wapi basi?

Majani si taka kama pampasi, na kosa letu kubwa ni kuyatia kapu moja. Yakitengwa yana mwenyewe. Wilaya ya Mbozi ni ya kahawa, na mkulima wa kahawa anajua thamani ya matandazo: majani makavu yakitandazwa chini ya mibuni huhifadhi unyevu wakati wa kiangazi, kisha yanaoza na kuwa mbolea. Nyumbani nako, shimo la mboji lenye majani, maganda ya ndizi na samadi kidogo, likimwagiwa maji na kugeuzwa, hutoa mbolea ya bustani ndani ya miezi michache. Majani ya mkaratusi yatenge, huchelewa kuoza na hayafai kwa miche michanga. Mengine yote tia kwenye kiroba. Kiroba cha majani makavu ni chepesi, mtoto wa darasa la tano anakibeba, na guta moja linachukua viroba vingi.

Hilo ni la nyumba. La mji ni gumu zaidi, kwa sababu barabara zetu zina wenyewe wengi. Barabara kuu ya kwenda mpakani ipo chini ya TANROADS. Barabara za mitaa zipo chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Taka ni za Halmashauri ya Mji. Mfereji ukiziba kwa taka, kila mmoja ana sababu ya kumtazama mwenzake, na mvua haisubiri kikao. Tena mji umekua kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu chini ya watu 100,000 Tunduma, ya 2022 ikahesabu zaidi ya 200,000. Mitaa mingi iliota kabla ya mifereji.

Tangu mwisho wa 2015 tuna utaratibu wa usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni utaratibu mzuri, lakini unatoa nguvu ile ile Mei na nguvu ile ile Oktoba. Kwa Songwe, Jumamosi za Septemba na Oktoba zingepaswa kuwa za mifereji peke yake. Na tope linalozolewa lichukuliwe siku hiyo hiyo. Mara ngapi tumeona vijana wakizibua mfereji kwa jasho, wakaacha tope ukingoni, na mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani?

Waislamu nasi tuna kasoro yetu ya kalenda. Usafi wetu mkubwa wa nyumba na misikiti huwa kabla ya Ramadhani na Idi. Lakini mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, ilhali mvua ya Songwe haihami. Ramadhani ya 2024 na 2025 ziliangukia Machi, mvua ikiwa imeshanyesha miezi minne. Tukisubiri Ramadhani ndipo tuzibue mtaro wa msikiti, tumechelewa. Kamati ya msikiti iweke siku yake Septemba, mwezi wowote wa hijria uangukie.

Wala si ndoto. Miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam, walishiriki kwa mikono yao kujenga mifereji ya mvua ya mtaa wao, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Sisi hatuombwi kujenga. Tunaombwa kutoziba.

Kwa hiyo mkutano ujao wa mtaa, usikae kimya. Muulize mwenyekiti na bwana afya mambo matatu: viroba vya majani vitachukuliwa siku gani, tope la mfereji litapelekwa wapi, na karavati lililovunjika limeandikiwa TARURA au bado. Waombe majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Na kesho asubuhi, kabla ya kushika fagio, tembea hatua hamsini kuelekea mteremkoni, uangalie mlango wa jirani yako wa chini.

Inshaallah toleo lijalo tutaeleza namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani. Kwa leo andika tu kipimo ukibandike jikoni: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mpe mtoto kidogo kidogo huku mkielekea zahanati.