Somo: Tusome Taarifa ya Benki



Siku hizi benki nyingi hutoa kijitabu chenye picha za miti, visima na watoto wa shule. Kijitabu hicho huitwa taarifa ya uendelevu. Ndani yake benki hueleza imetumia umeme kiasi gani, imetoa misaada gani, imeajiri wanawake wangapi. Ni jambo jema. Lakini kusoma si kutamka maneno tu. Hebu tuangalie yaliyoipata benki moja ya Uingereza, Royal Bank of Scotland, iliyoanzishwa mjini Edinburgh mwaka 1727.

Benki hiyo ilikuwa ikitoa taarifa ya namna hiyo kila mwaka. Tena, mwezi Juni 2003 ilikuwa miongoni mwa benki 10 za kwanza duniani kukubali Kanuni za Ikweta. Kanuni hizo huitaka benki ichunguze, kabla ya kukopesha mradi mkubwa kama bwawa au mgodi, kama mradi huo utaharibu mazingira au kuwaumiza watu. Hapo hatuna la kuilaumu.

Basi, mwezi Oktoba 2007, ikishirikiana na benki nyingine mbili, ilinunua benki kubwa ya Uholanzi, ABN AMRO, kwa euro bilioni 71 hivi. Bilioni moja ni milioni 1,000. Sisi tukienda mnadani kununua ng'ombe mmoja, tunamwangalia meno, tunamtembeza, tunauliza amezaa mara ngapi. Mamlaka iliyokuwa ikisimamia benki nchini humo ilitoa ripoti yake Desemba 2011. Ikasema kwamba habari ambazo benki ilipewa kabla ya kununua zilikuwa majalada mawili na CD moja. Yaani ng'ombe wetu alichunguzwa zaidi!

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo ni kubwa zaidi: mtaji mdogo. Mtaji ni fedha ya wenye benki wenyewe. Fedha nyingine inayokopeshwa ni ya watu. Tutumie mahindi. Mzee mmoja ana magunia 100 ghalani. Mawili ni yake, 98 ameazima kwa majirani. Anayakopesha yote. Wakopaji wakishindwa kurudisha magunia 2, mali yake imekwisha. Wakishindwa kurudisha 3, gunia moja la jirani limepotea. Na majirani wakisikia hivyo, wote watakuja usiku huo huo kudai magunia yao. Ripoti ile ilikadiria kwamba, kwa kipimo kikali kilichowekwa baadaye, mtaji imara wa benki hiyo mwishoni mwa 2007 ulikuwa karibu 2 tu kwa kila 100 ya mali yake iliyopimwa kwa hatari.

Majirani wakaja kweli. Tarehe 7 Oktoba 2008 mwenyekiti wa benki alimpigia simu Waziri wa Fedha, Alistair Darling. Akamwambia kwamba fedha zitakwisha baada ya saa chache. Serikali ikaingilia kati. Kwa jumla iliweka pauni bilioni 45.5, fedha ya walipa kodi. Hasara ya benki kwa mwaka 2008 peke yake ilikuwa pauni bilioni 24.1. Serikali ilimaliza kuuza hisa zake Mei 2025, benki ikiwa na jina jipya, NatWest Group. Ilipata kiasi cha pauni bilioni 35. Chukua kalamu, toa mwenyewe, uone kilichopotea.

Je, zile taarifa nzuri zilisema uongo? Hatusemi hivyo. Hesabu za umeme na misaada zilihesabiwa. Kasoro ni kwamba zilipima ofisi, hazikupima ghala. Benki inaweza kuzima taa zake zote saa kumi na mbili jioni, huku fedha iliyokopesha inachimba makaa ya mawe usiku kucha. Na inaweza kupanda miti elfu, huku mtaji wake hautoshi kufika msimu ujao. Ndiyo maana mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kuhusu hatari za mabadiliko ya tabianchi katika kazi za benki. Mvua isiponyesha, mkulima halipi, na benki inayumba.

Tusicheke wa mbali. Tuliwahi kutembelea kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Tulisomewa taarifa ya mwaka: miche iliyopandwa, madawati yaliyotolewa shuleni, wageni waliofika. Makofi yakapigwa. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza ni mikopo mingapi haijarudi. Mweka hazina akajibu kwamba daftari hilo limebaki nyumbani. Mama yule akasema, "Basi tunakusubiri, mwanangu, kalilete." Watu wakasubiri mpaka jua likazama.

Zungumzeni katika kikundi chenu:

Taarifa yenu ya mwisho ilitaja nini kwanza?

Katika kila shilingi 100 mliyokopesha, ngapi ni za kikundi chenyewe na ngapi mmeazima?

Daftari la mikopo isiyolipwa linakaa wapi, na nani ameliona mwaka huu?