Dondoo Muhimu: Jani la Chai Juu ya Bati Laini

Majani mawili na chipukizi, yale yanayochumwa Kericho na Bomet, ni umbo zuri la kuanzia kuchora picha zinazoinuka kwenye bati la mkebe.

• Vaa glavu, kata kipande cha bati la mkebe wa soda kwa makasi, kisha funika kingo kwa selotepu.
• Tandika bati juu ya gazeti lililokunjwa. Chora jani upande wenye rangi za kiwandani kwa kalamu iliyoisha wino. Upande wa rangi ya fedha ndio uso. Ukiweka herufi, ziandike kinyume.
• Rudia mstari taratibu. Ukikandamiza kwa nguvu, bati hupasuka.
• Geuza, weka juu ya ubao mgumu, ukandamize pembezoni mwa jani ili liinuke.
• Jaza nta ya mshumaa nyuma, jani lisibonyee.
• Paka uso rangi nyeusi ya viatu, pangusa: weusi hubaki kwenye mifereji, jani hung'aa.