Laini Mbili za Intaneti, Spidi Haionekani: Maswali ya Wenye Ofisi Igogo

Mwenye ofisi Igogo, jijini Mwanza, awe na duka la vipuri kando ya Barabara ya Kenyatta au kiwanda cha samaki ufukweni, akichoshwa na intaneti inayokatika huongeza laini ya pili. Faiba ya megabiti 20 kwa sekunde inabaki, 4G yenye kutoa megabiti 5 inaingia, na fundi anaiambia ruta igawe mzigo. Wiki haiishi, wafanyakazi wanasema afadhali ilivyokuwa zamani. Mara nyingi wanasema kweli, na wa kulaumiwa kwanza si kampuni ya simu, ni mpangilio wa ruta.

Nina jumla ya megabiti 25. Mbona mtandao unasuasua matumizi yakifika 10 tu?

Kwa sababu ruta yako inagawa nusu kwa nusu. Matumizi yakifika megabiti 10, tano zinakwenda kwenye faiba na tano kwenye 4G. Hapo 4G imejaa, ilhali faiba ina megabiti 15 zimelala bure. Aliyeangukia upande wa 4G anaona duara linazunguka tu, na jirani yake mezani hapohapo anaangalia video bila shida.

Ruta haijui umelipia kiasi gani. Inachokiona ni tundu la waya, na matundu yote mawili yanajitambulisha kuwa ya gigabiti 1. Kwa hiyo kwake njia hizo ni sawasawa. Lazima mtu aiambie ukweli, na ukweli huo ni kasi iliyopimwa, si ile iliyoandikwa kwenye mkataba.

Uwiano umerekebishwa, ila nikipakua faili moja sipati zaidi ya 20. Fundi kanidanganya?

Hapana. Kinachogawanywa ni miunganisho, si faili. Ruta huangalia anwani ya anayetuma na ya anayepokea, pengine na namba za milango yao, kisha muunganisho mzima unapewa njia moja hadi uishe. Abiria mmoja hapandi daladala mbili kwa wakati mmoja. Faida ya laini mbili utaiona watu kumi wakifanya kazi pamoja, si mmoja akipakua filamu.

Zipo ruta zinazoweza kutupa pakiti moja huku na nyingine kule. Usikubali. Pakiti za 4G huchelewa kuliko za faiba, zinafika zimepishana, na kompyuta ikiona hivyo hudhani kuna zilizopotea. Inaomba zitumwe upya na kupunguza mwendo. Simu za sauti nazo zinaanza kukwaruza.

Kampuni yetu ina matawi na ruta za Cisco. Njia ndogo haitumiki kabisa. Kwa nini?

Ulizeni kwanza ni itifaki gani inayotumika. OSPF hugawa mzigo kati ya njia zenye gharama sawa tu. EIGRP, iliyobuniwa na Cisco na maelezo yake kuchapishwa kwa umma kama RFC 7868 mwaka 2016, inaweza kutumia njia zisizo sawa, lakini hadi iruhusiwe kwa amri ya variance, ambayo kwa kawaida huwa 1, yaani hairuhusu.

Tuhesabu. Tuseme kila njia ina jumla ya ucheleweshaji wa mikrosekunde 2,000. Gharama ya njia ya megabiti 20 inatoka 179,200, na ya megabiti 5 inatoka 563,200. Ya pili ni mara 3.14 ya kwanza, hivyo variance ya 3 haitoshi, inatakiwa 4. Angalia pia kwamba mzigo utagawanyika karibu 3 kwa 1, wala si 4 kwa 1 kama kasi zilivyo, kwa kuwa ucheleweshaji nao umo kwenye hesabu.

Kuna kikwazo kingine kinachowatoa mafundi jasho. Ruta jirani wa njia ndogo lazima awe na gharama yake mwenyewe, kuanzia alipo hadi mwisho wa safari, iliyo chini ya 179,200. Akiwa na 190,000, njia yake haiingii hata mkiweka variance ya 128, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Sharti hilo lipo kuzuia pakiti zisizunguke na kurudi zilikotoka.

Sisi tuna MikroTik ya kawaida. Tufanyeje?

Kwa 20 na 5, miunganisho igawanywe mafungu matano kwa PCC, yaani kanuni ya MikroTik ya kugawa miunganisho: manne faiba, moja 4G. Mgawanyo ukifanya kazi kwa muda mfupi kisha ukavurugika, kagua FastTrack. Kipengele hicho cha ruta huharakisha pakiti kwa kuzirukisha alama zile zile zinazoonyesha njia ya kupita. Kizimeni kwa miunganisho inayogawanywa.

Ukurasa wa benki ukikutoa nje kila mara, inawezekana ombi moja limetokea faiba na lifuatalo 4G, na benki imeona anwani mbili tofauti. Gawa kwa kufuata anwani za pande zote mbili bila namba za milango.

Kurasa nyingine zinafunguka, nyingine zinagoma. Ni virusi?

Huenda laini moja imekufa na ruta haijui. Ukaguzi wa kawaida huuliza kifaa cha karibu tu, mfano modemu ya 4G iliyo mezani. Modemu itajibu "nipo" hata kama nyuma yake hakuna intaneti, na fungu moja kati ya matano linaendelea kutumbukia shimoni. Ruta ikague anwani iliyo mbali, kupitia kila laini.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoathirika, modemu za mezani hazikuwa na kasoro yoyote. Basi muulize kila mtoa huduma anapitia waya gani. Kampuni mbili juu ya waya mmoja ni laini moja yenye bili mbili.

Nipime vipi?

Laini moja moja, nyingine ikiwa imechomolewa, asubuhi na jioni, kupakua na kupakia. Kwa 4G tumia kipimo cha saa mbaya. Wenye ofisi nyuma ya miamba ya Igogo wapandishe antena juu ya paa kabla ya kupima, kwani jiwe likikaa katikati yenu na mnara, uwiano wowote utakaoweka utakuwa wa uongo.

Siku ya makabidhiano mwambie fundi achomoe faiba mbele yako, airudishe, kisha achomoe 4G. Kazi ikiendelea mara zote mbili, mlipe salio lake.