Mashindano ya Mbio Kijijini

Tazameni watoto wanapoanza mashindano ya mbio. Firimbi ikilia, wote hutoka kwa nguvu zao zote, kama ndama waliofunguliwa zizini asubuhi. Vumbi huruka, akina mama hupiga vigelegele, na yule aliye mbele hugeuza shingo mara kwa mara kutazama nyuma. Lakini ikiwa njia ni ndefu, ya kupanda kilima na kurudi, hata nusu yake hajafika naye ameshika mbavu, anatembea. Wenziwe humpita mmoja mmoja. Mwisho huona haya, akakata njia ya shambani kwenda zake nyumbani.

Sababu yake ni hii. Mtu akimbiapo, miguu yake huhitaji hewa, nayo huchukuliwa na damu kutoka mapafuni. Akienda kwa kiasi, hewa humtosha. Akizidisha, miguu hutumia nguvu upesi kuliko hewa inavyoifikia, na punde huwa mizito kama mawe. Basi mtoto wa Gehandu atakaye kushindana, na aitembee njia yote kabla ya siku yenyewe. Aone penye mawe, penye mteremko, na mahali pembamba pasipopitika watu wawili. Kisha achague mwendo. Akiweza kumwambia mwenzake maneno machache huku akikimbia, mwendo huo unafaa kuanzia mbio ndefu.

Labda mwanafunzi mmoja atauliza: Je, Filbert Bayi? Ni kweli. Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Alitangulia tangu mwanzo, wala hakupitwa na mtu, akapata dakika 3 na sekunde 32, muda uliokuwa bora kuliko wote duniani siku ile. Lakini Bayi alikuwa amejizoeza mwendo ule kwa muda mrefu, akajua kadiri ya nguvu zake. Anayetangulia kwa kuwa anajijua si sawa na anayetangulia kwa sababu ya vigelegele.

Sasa tumfikirie mtu aliyebaki nyuma. Katika nchi hii hii ya Mbulu alizaliwa John Stephen Akhwari, mwaka 1938. Tarehe 20 Oktoba 1968 alishindania nchi yake ya Tanzania katika mji wa Mexico, mbio za maratoni, ambazo ni kilomita 42 na kidogo zaidi. Mji ule uko juu sana, mita 2240 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyembamba. Misuli ya Akhwari ilikaza. Kisha, washindani walipokuwa wakigombea nafasi, alianguka chini akaumia vibaya goti, na bega pia. Alifungwa kitambaa mguuni, akainuka, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea.

Mbio zilianza saa 9 alasiri. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada yake, giza likiingia, na washindi wamekwisha kupewa nishani. Watu waliosalia walipomwona wakaanza kumpigia makofi. Alikuwa wa 57, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze tu, bali amalize.

Katika washindani 75 walioanza, 18 hawakumaliza. Hao nisingewaita waoga. Mtu aliyevunjika mfupa, au anayeona kizunguzungu, yampasa akae chini aitiwe msaada. Na mtoto wa shule asijaribu kukimbia na goti lililotoka mahali pake. Lakini kuacha kwa ajili ya maumivu ni jambo moja, na kuacha kwa kuogopa kuchekwa ni jambo lingine. Yule mtoto wetu aliyekata njia ya shambani hakuwa na jeraha lolote.

Wala msidhani ya kuwa Akhwari alikuwa mkimbiaji dhaifu. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikimbia maratoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa 5. Tena si yeye peke yake katika nchi hii. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh katika Hanang, alishinda maratoni ya michezo hiyo huko Edmonton, Kanada, mwaka 1978.

Nanyi mtakaochaguliwa kushika kamba mwishoni mwa njia, msiikunje mara watatu wa kwanza wanapopita. Ngojeni mpaka wa mwisho afike, na muda wake uandikwe daftarini kama wa wenziwe. Kule Mexico waliuandika wa Akhwari: saa 3, dakika 25 na sekunde 27.