MASOMO YA JUMAMOSI: KUFUNDISHA KIINGEREZA GITEGA NA MUYINGA

Kila mwaka hutokea vijana waliomaliza masomo ambao hutamani kwenda kufundisha Kiingereza katika nchi jirani. Kabla ya kuondoka huuliza habari za mshahara, nyumba na vitabu. Ni wachache wanaouliza watafanya nini Jumamosi na Jumapili. Katika somo hili tutalitazama swali hilo, na mfano wetu utakuwa Burundi, katika miji miwili: Gitega, ulio katikati ya nchi, ambao tangu mwaka 2019 ni mji mkuu wa serikali, na Muyinga, ulio kaskazini-mashariki karibu na mpaka wa Tanzania. Tutaona kwamba mwalimu mgeni hujifunza mengi ya kazi yake katika siku zile mbili ambazo darasa limefungwa.

HALI YA LUGHA

Kwanza yafaa tujue hali ya mwanafunzi wa huko. Nyumbani husema Kirundi, lugha ya karibu watu wote wa nchi. Kifaransa kilikuja na utawala wa Wabelgiji, nacho hutumika kufundishia katika madarasa ya juu. Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, Kiingereza na Kiswahili vilipata nguvu shuleni, na mwaka 2014 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Basi mtoto mdogo hukutana na lugha nne, na Kiingereza ndicho asichokisikia kabisa nje ya darasa. Mwalimu akifundisha kwa sentensi za kitabu kilichotungwa Ulaya, zenye theluji na treni, mtoto hubebeshwa mizigo miwili kwa mara moja: neno asilolijua na kitu asichokijua. Dawa yake ni mwalimu kuvijua vitu vya mtoto, navyo haviko darasani.

SAFARI YA KWANZA: GISHORA

Kutoka Gitega hadi kilima cha Gishora ni kiasi cha kilomita 7 upande wa kaskazini. Kijana mwenye afya aweza kwenda kwa miguu. Asubuhi ya Jumamosi aghalabu huwa ni wakati wa kazi za pamoja, na safari za magari husimama. Basi mgeni asiharakishe kuondoka. Akiwakuta majirani wake wanafyeka majani au wanaziba mashimo ya barabara, ashike jembe kwanza.

Gishora ni makao ya ngoma za kifalme, na jina lake husimuliwa pamoja na la Mfalme Mwezi Gisabo, aliyetawala katika nusu ya pili ya karne ya 19 mpaka kufa kwake mwaka 1908. Ngoma huchongwa kwa gogo zima la mti uitwao umuvugangoma. Hupangwa nusu duara, idadi yake daima ni witiri, na moja huwekwa katikati. Hiyo ya katikati ni inkiranya, nayo ndiyo inayoongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushika mdundo usiokatika, na zile ziitwazo ibishikizo hufuata mdundo wa inkiranya. Mwaka 2014 UNESCO iliuandikisha mchezo huu katika urithi wa binadamu. Ngoma hizi zina heshima yake na sheria zake. Kwa hiyo mgeni atazame na kusikiliza, wala asinyakue fimbo bila kuruhusiwa.

Faida gani hupatikana? Msemaji wa Kiswahili hudhani analijua neno ingoma. Kumbe kwa Kirundi ingoma ni pia ufalme na utawala. Tena Jumatatu mwalimu aweza kuwataka wanafunzi waeleze kwa Kiingereza jinsi ngoma inavyotengenezwa: mti hukatwa, gogo huchongwa, ngozi huwambwa. Hapo kauli ya kutendwa, ambayo kitabuni ilikuwa kavu, hupata kazi ya kufanya. Naye mwanafunzi hujikuta anajua jambo ambalo mwalimu wake hajui, akapata sababu ya kusema.

SAFARI YA PILI: SOKONI

Safari hii haina gharama. Mwalimu achukue kikapu, aende sokoni, aamkie kwa neno amahoro, maana yake amani, kisha aulize bei ya maharage au viazi vitamu kwa Kirundi chake kibovu. Watu watacheka, lakini watajibu. Hapo atega sikio kwa mambo mawili.

La kwanza ni sauti ya L. Kirundi cha asili hakitofautishi L na R. Neno letu shule, lililotoka kwa Wajerumani, huko huitwa ishure. Akishalisikia hilo kwa mama muuza ndizi, mwalimu hatamkaripia tena mtoto asemaye "grass" mahali pa "glass". Atajua kwamba sikio la mtoto halijafunzwa kuzitenga sauti hizo mbili, na atampa mazoezi ya kusikia kabla ya mazoezi ya kutamka.

La pili ni neno ejo. Kwa Kirundi ejo ni jana, na pia ni kesho. Mrundi hapotei, kwa sababu kitenzi chenyewe humwonyesha kama jambo limepita au linakuja. Basi mwanafunzi akiandika sentensi ya Kiingereza akachanganya jana na kesho, si kwamba hajui siku. Mwalimu amwonyeshe kwamba Kiingereza hudai vyote viwili, kitenzi sahihi na siku sahihi, na kosa litapungua.

SAFARI YA TATU: KUUFUATA RUVUBU HADI MUYINGA

Safari ya tatu yahitaji siku mbili, na fedha za akiba, kwa kuwa katika miaka ya karibuni petroli imekuwa adimu na nauli hupanda ghafula. Njia hupita Karuzi, nayo huuvuka mto Ruvubu. Mto huu ni wa kuheshimiwa. Katika eneo la Gitega hupokea maji ya Ruvyironza, ambao chanzo chake cha mbali kiko Rutovu, kusini. Huko ndiko Mjerumani Burkhart Waldecker alikosema kuwa ni chanzo cha kusini kabisa cha Nile, na mwaka 1938 piramidi ndogo ikajengwa juu ya kilima. Kutoka hapo Ruvubu huenda kaskazini-mashariki, hupita katika Hifadhi ya Ruvubu, iliyowekwa mwaka 1980, yenye nyati na viboko, huingia Tanzania na kuungana na Kagera penye maporomoko ya Rusumo. Maji yale hufika Ziwa Victoria, kisha Misri. Mwenye kutaka kuiona hifadhi aende na mwongozaji; kiboko hajui kwamba wewe ni mwalimu.

Muyinga ulikuwa makao ya mkoa wenye jina hilo hadi mwaka 2025, mikoa 18 ilipounganishwa ikawa 5. Mbele yake iko forodha ya Kobero, na ng'ambo ni Kabanga, katika wilaya ya Ngara. Hapa mgeni wetu hufurahi, kwa kuwa husikia Kiswahili kwa wafanya biashara, kwa madereva na misikitini. Lakini hapa pia pana mtego. Mwalimu akianza kueleza Kiingereza kwa Kiswahili, nusu ya darasa itacheka na kuelewa, na nusu nyingine, watoto waliotoka vilimani na Kirundi chao tu, watanyamaza. Ukimya huo ni rahisi kuudhania kuwa uvivu. Mwalimu aliyetembea vilimani Jumapili huwajua watoto hao kwa makwao, na huwatafutia picha, ishara na neno la Kirundi.

Jambo jingine. Mwaka 1972, baada ya 1993, na tena baada ya 2015, Warundi wengi walikimbilia Tanzania. Kiswahili kizuri cha mzee wa Muyinga huenda kilifunzwa kambini. Basi swali la "Mzee, Kiswahili hiki ulikipata wapi?", ambalo kwetu ni mazungumzo tu, kwake laweza kufungua kidonda. Amkia, kaa, ngoja. Akitaka atasema mwenyewe.

MAZOEZI

1. Andika sentensi tano za Kiingereza juu ya kitu kinachotengenezwa kijijini kwenu, ukitumia kauli ya kutendwa.

2. Taja sauti moja ya Kiingereza isiyopatikana katika lugha ya nyumbani kwenu. Utamfundishaje mdogo wako kuisikia?

3. Chora ramani ya njia ya maji kutoka Rutovu hadi Ziwa Victoria.

4. Jumamosi ijayo nenda mahali penye lugha usiyoijua vizuri. Rudi na maneno matatu, na jina la mtu aliyekufundisha kila neno.