SOMO LA MARUDIO: KANI, NISHATI NA JOTO KATIKA BREKI ZA GARI

Baada ya somo hili uweze: (i) kutumia kanuni ya Pascal katika breki, (ii) kukokotoa joto la diski, (iii) kueleza kwa nini breki kubwa si lazima zifupishe umbali wa kusimama.

Utangulizi

Wapo wamiliki wa Subaru Impreza zenye turbo za miaka ya 1990 wanaobadilisha breki za mbele nyumbani. Huondoa diski za milimita 277 na kalipa za pistoni mbili, kisha huweka diski za milimita 294 na kalipa za pistoni nne za matoleo ya baadaye. Je, wanapata faida gani? Usijibu haraka, fuata hesabu.

A. Kanieneo katika oili ya breki

Kanuni ya Pascal husema kuwa kanieneo inayotiwa kwenye kiowevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote.

*Mfano 1.* Pistoni ya silinda kuu ina eneo la 4 cm² na inasukumwa kwa kani ya 2,000 N. Pistoni za kalipa zina jumla ya eneo la 20 cm² upande unaosukuma pedi moja.

Kanieneo = 2,000 ÷ 4 = 500 N/cm²
Kani kwenye pedi = 500 × 20 = 10,000 N

Eneo likiwa 25 cm², kani inakuwa 12,500 N. Lakini hakuna cha bure: oili inayohitajika huongezeka kwa uwiano uleule, hivyo pedali hushuka zaidi. Pia, breki za mbele zikizidishwa nguvu mno, magurudumu ya mbele hujifunga mapema huku ya nyuma yakifanya kazi kidogo. Ndiyo maana pistoni, silinda kuu na breki za nyuma lazima vilingane.

B. Nishati mwendo hugeuka joto

*Mfano 2.* Gari la kg 1,300 linakwenda 108 km/h, yaani 30 m/s. Tukipuuza ukinzani wa hewa:

Nishati mwendo = ½ × 1,300 × 30² = 585,000 J

Tuchukulie kila diski ya mbele hupokea asilimia 35, yaani 204,750 J. Joto mahususi la chuma cha diski ni 460 J/kg°C.

Diski ya kg 6: 204,750 ÷ (6 × 460) = 74°C
Diski ya kg 8: 204,750 ÷ (8 × 460) = 56°C

Hilo ni ongezeko la kusimama mara moja. Ukisimama mara tano bila diski kupoa, ongezeko ni takriban 371°C kwa diski ndogo na 278°C kwa kubwa. Hapa ndipo faida ya diski kubwa ilipo, hasa kwenye mteremko mrefu.

C. Umbali wa kusimama

Breki hushika diski, lakini kinachoshika barabara ni tairi. Tuchukulie msuguano wa tairi na lami kavu hauwezi kupunguza mwendo kwa zaidi ya 8 m/s².

Umbali = v² ÷ 2a = 900 ÷ 16 = 56 m

Ukubwa wa diski haumo katika hesabu hii. Ikiwa breki za zamani, zikiwa nzima, ziliweza kufunga magurudumu, breki kubwa hazitafupisha umbali wa kusimama mara moja. Tairi bora zitaufupisha.

D. Oili ya breki

Oili ya DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa. Ikiwa mpya, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa ni 230°C. Ikishanyonya maji, ni 155°C. Ikichemka hutoa mvuke. Mvuke hugandamizika, kwa hiyo pedali huzama na breki hukosa nguvu. Kubadilisha oili iliyozeeka ni hatua ya kwanza, tena ya gharama ndogo.

E. Usalama wa kazi nyumbani

1. Egesha penye sakafu ngumu na tambarare, zuia magurudumu ya nyuma, kisha weka gari juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu.
2. Hakikisha kalipa mpya haigusi rimu.
3. Usiache kalipa ining'inie kwenye mpira wa breki; ifunge kwa waya.
4. Usiguse uso wa diski kwa grisi au oili.
5. Kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha gari.
6. Toa hewa yote kwenye mfumo, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu, na fundi mzoefu akague kabla gari halijaingia barabarani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini hewa ndani ya oili hulegeza pedali?
2. Mwendo ukiongezeka kutoka 36 hadi 72 km/h, nishati mwendo huongezeka mara ngapi?
3. "Diski kubwa husimamisha gari mapema." Jadili.

Majibu

1. Hewa hugandamizika, kanieneo haifiki yote kwenye kalipa.
2. Mara nne, kwa sababu nishati hufuata v².
3. Taja mambo mawili: kikomo cha msuguano wa tairi, na uwezo wa diski kubwa kupokea joto bila kupata moto kupita kiasi. Mtahiniwa anayetaja moja tu hajakamilisha jibu.