Tahakiki na Safari ya Futuhi ya Muziki Hadi Jukwaa Kubwa

Tamthilia unayoisoma darasani iliandikwa ili iigizwe. Jukwaani, hadhira huihukumu kwanza, kisha mhakiki. Hapa tutachunguza jinsi tahakiki zinavyoiathiri futuhi ya muziki, yaani tamthilia ya kuchekesha ambayo ploti yake huendelezwa kwa nyimbo na mazungumzo, inapohamia ukumbi mkubwa.

Usuli

Operation Mincemeat, kazi ya kikundi cha SpitLip cha Uingereza, ilianza mwaka wa 2019 katika New Diorama, ukumbi wa viti 80 jijini London. Kisa chake ni cha kweli. Mwaka wa 1943, majasusi wa Uingereza waliivisha maiti sare ya afisa, wakaifungia nyaraka za uongo na kuiacha ielee hadi Uhispania. Nia yao ilikuwa kuwahadaa Wajerumani wasijue kwamba Sisilia ingeshambuliwa. Waigizaji watano huigiza wahusika wote.

Kazi hii ilipitia Southwark Playhouse na Riverside Studios, ikaingia Fortune Theatre mwaka wa 2023. Mwaka wa 2024 ilishinda Tuzo ya Olivier ya tamthilia mpya bora ya muziki, na mwaka wa 2025 ikafika Broadway, New York.

Athari za tahakiki

(i) Humtambulisha asiyejulikana. Kikundi kidogo hakina fedha za matangazo. Sifa za wahakiki zikichapishwa kwenye mabango, humfikia mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la kikundi hicho.

(ii) Huwashawishi wawekezaji. Ukumbi mkubwa hudai kodi, mishahara na vifaa zaidi. Mwenye fedha hutafuta ithibati kabla ya kuzitoa.

(iii) Huelekeza marekebisho. Mhakiki akionyesha onyesho linalochosha, mwandishi ana nafasi ya kulirekebisha. Futuhi hii ilisukwa upya ilipokuwa ikihama.

(iv) Huzua matarajio makubwa. Aliyeambiwa atacheka hadi machozi, tena akalipa tiketi ghali, huketi kama hakimu. Mzaha uliotegemea kukonyeza jicho huenda usimfikie aliye safu ya mwisho.

(v) Huelekeza macho ya hadhira. Mhakiki anayetaja vicheko pekee huficha maudhui mazito. Maiti ile ilikuwa ya maskini, Glyndwr Michael, aliyetumiwa bila idhini yake. Tamthilia inapomalizika humrejeshea jina lake. Hiki ndicho kiini cha kejeli yake dhidi ya tabaka la juu.

Tanbihi kwa mtahiniwa

Umeshuhudia jambo hili katika tamasha za drama, ambapo maoni ya waamuzi huifanya shule ijirekebishe kabla ya kupanda ngazi inayofuata. Hata hivyo, mwamuzi hamwigizii mtu. Vivyo hivyo, mwongozo huu haukufanyii mtihani. Usiseme "mwandishi amefaulu" kisha ukanyamaza. Hiyo ni nyota isiyo na sababu. Taja hoja, itolee mfano kutoka tamthilia, kisha ueleze.

Zoezi

"Mhakiki hufungua mlango, lakini kazi huingia kwa miguu yake." Jadili ukweli wa kauli hii kwa kurejelea safari ya Operation Mincemeat. (alama 10)

*Kidokezo:* Onyesha pande zote mbili: nguvu ya tahakiki na ubora wa kazi yenyewe.